Asubuhi Lori la Neema Lilipokataa Kuwaka

Nilikwenda Stockholm kumwona binti yangu Neema, ambaye sikuwa nimeonana naye kwa miaka tisa. Mimi ni fundi wa malori hapa Mbeya. Yeye alikwenda kule kusomea uuguzi, baadaye nikasikia kwa mama yake, mke wangu, kwamba ameacha, anaendesha lori. Mwenyewe hakuniambia.

Kwenye uwanja wa ndege alinipokea akiwa na koti zito mkononi. "Shikamoo Baba." "Marahaba mwanangu." Akanivisha lile koti. Tulipofika kwake Farsta, pembezoni mwa jiji, mjukuu wangu Tumaini alinijibu Kiswidi kila nilipomsemesha, Neema akawa mkalimani kati yetu.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nilimwomba twende wote kazini. Kulikuwa bado giza, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Nilipovuta pumzi, vinyweleo vya puani viliganda.

Uani kazini kwake, malori yote yalikuwa yameunganishwa na nyaya za umeme zinazopasha injini joto usiku kucha. La Neema nalo lilikuwa na waya, ila ulikuwa umepasuka kwa baridi, umeme haukupita. Alipowasha, injini ilijivuta mara mbili ikanyamaza.

"Usiilazimishe," nikasema, "utaua betri."

"Najua, Baba."

Mkongo mmoja, dereva mwenzake, akapita akicheka: "Papa, hapa mafuta inaganda sawa mawese!"

Neema akaazima waya mwingine, akaunganisha, kisha akafungua filta ya dizeli. Ndani mlikuwa na dizeli iliyoganda kama uji mweupe mzito. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, hata spana sikuweza kuishika. Akanipa tochi. "Nimulikie hapo tu."

Nikammulikia. Alifungua, akafuta, akafunga filta mpya bila kubahatisha. Nilimwangalia nikaumia moyoni.

Tulikaa ndani ya lori tukingoja injini ipate joto. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa na miaka kumi na miwili uliponifukuza gereji. Ulisema si mahali pa msichana."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nasimama nje ya geti nasikiliza injini. Nilikuwa najua ipi ina shida."

"Niliogopa maneno ya watu. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Alitazama kioo kilichojaa barafu, kisha akafuta macho kwa glavu yenye mafuta, ikamwachia alama shavuni. Karibu saa mbili, mwanga ukianza kutoka, alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikawaka. Akanishika mkono, akaushikilia mpaka tulipotoka getini.

Siku ya kuondoka nilimwomba arudi nyumbani. "Tumaini ana shule, Baba," alisema taratibu. "Nami kazi hii naipenda."

Nimerudi Mbeya. Mke wangu aliniuliza kuhusu theluji, nikamsimulia. Aliponiuliza Neema anakuja lini, nikasema hakuahidi. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa na fundi ndani ya nyumba yangu nikamweka nje ya geti. Jana wameniletea lori lenye mlio nisiouelewa. Nimeinama juu ya injini tangu asubuhi, na natamani angekuwa hapa asikilize.