Mkwe Wangu na Sabuni Yake Pacha

Binti yangu aliniletea mkwe msomi. Nilishukuru Mungu, maana nyumbani kwetu tulikuwa na upungufu wa watu wa kututazama kama hatujui kitu. Ana digrii mbili na kipaji cha kuvunja vikombe. Anafanya kazi maabara ya kiwanda cha sabuni, chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya stoo ya maboksi. Miaka minne mizima anatengeneza sabuni ambayo hakuna aliyewahi kuifulia hata soksi.

Siku moja mezani alichukua vijiko vyangu viwili akavifunga shingoni kwa uzi, kama mbuzi wa mnada.

"Tazama, mama. Chembe ya sabuni ya kawaida ni kijiko kimoja: kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Yangu ni pacha. Vichwa viwili, mikia miwili, kamba katikati. Kamba ikiwa fupi, wanabanana juu ya maji na ngozi ya maji inalegea. Tone moja linafanya kazi ya kopo zima!"

"Na mimi chai yangu nikoroge na nini?"

Akavifungua. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Msomi ukimsifu mapema anaharibika.

Basi wiki moja akawa anarudi uso umekunjamana kama shati la chini ya godoro. Ijumaa bosi wake angekuja kuona vipimo. Vikikubalika, kazi inaendelea. Vikikataliwa, maabara inafungwa na bwana msomi anapelekwa stoo kupanga maboksi. Na vipimo vilikuwa vimegoma. Mashine yake hupima ugumu wa ile ngozi ya maji: kabla hujatia sabuni yoyote, maji matupu lazima yasome sabini na mbili, ndipo mashine iaminike. Yake yalisoma sitini na moja. Akalaumu maji. Akalaumu mashine. Akalaumu umeme. Binti yangu akahamia jikoni, maana zamu yake ya kulaumiwa ilikuwa inakaribia.

"Vyombo vya kupimia anaosha nani?" nikauliza.

"Mimi mwenyewe, mama. Nasuuza mara tatu, kama kanuni inavyosema."

"Niletee kimoja."

"Mama, vile ni vyombo vya kitaalamu..."

"Nimeosha glasi za hoteli miaka thelathini na moja. Lete."

Kesho yake jioni akakileta kimeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nikakijaza maji, nikayamwaga, nikakiinua dirishani. Glasi safi, maji huteremka kama shuka moja lililonyooka. Kwenye hiki yalijikusanya vitone vitone, kama jasho la mwongo.

"Sabuni yako bado imo."

"Nimesuuza mara tatu, mama!"

"Mwenye kichwa kimoja atatoka kwa mara tatu. Huyu kang'ang'ania kioo kwa vichwa viwili. Aliyemfunga kamba ni wewe au mimi?"

Akakigeuza chombo mkononi. Kisha akasema polepole, "Vichwa vinashika kioo..." kwa sauti ya mtu aliyegundua mwenyewe. Nikamwachia.

"Kule hotelini, glasi iliyogoma tuliisugua kwa spiriti, tukasuuza kwa maji moto mpaka shuka lirudi. Hatukuhesabu. Kuhesabu ni kwa wasiojua kutazama."

Alhamisi simu ikalia. "Mama! Sabini na mbili!" Alipiga kelele kana kwamba mimi ni kiziwi. Ijumaa bosi akaja, akapima mwenyewe mara mbili, akaridhika. Maabara ikabaki.

Binti yangu akanisomea ripoti, kwa sababu mimi na herufi ndogo hatusalimiani. Ilisema vyombo vilisafishwa kwa ushauri wa mtaalamu wa vioo mwenye uzoefu wa miaka thelathini na moja.

"Huyo mtaalamu ni nani?"

"Si ni wewe, mama!"

"Kumbe. Basi mwambie mumeo, mtaalamu ana sinki limejaa."

Akaja, akakunja mikono ya shati. Kila glasi aliinua dirishani akaichungulia, akairudisha majini, akainua tena. Glasi nne zilimlia saa nzima. Sikumharakisha.