Sabuni na Picha za Dada Yangu

Shemeji yangu wanamwita Sabuni, na jina hilo hakulipata kwa usafi wa mashati yake. Ni fundi wa kusafisha picha za zamani. Mteja analeta picha iliyokunjika, pembe zimeliwa na mende, uso umejaa madoa. Sabuni anafuta kioo cha skana, anailaza picha, anaiingiza kwenye kompyuta, kisha anaanza kuziba mikwaruzo na kurudisha rangi zilizopauka. Ubaya wake hajui kuacha. Wazee wametoka dukani kwetu na mashavu ya watoto wachanga, na wakashukuru! Mimi napokea wateja na kukata karatasi, na sijui nimemwambia mara ngapi: "Shemeji, yule bibi alikuja na makunyanzi yake, mrudishie." Anacheka tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Dada yangu, mkewe, alipofariki, binti yao alikuwa na miaka minne. Shemeji hakulia mbele za watu. Alijifungia na kompyuta wiki nzima akiskani picha zote za marehemu na kuzisafisha. Kila aliyoimaliza aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ya mwanzo ikafutika, maana mashine ilikuwa imejaa. Picha za karatasi zikabaki kwenye boksi linalonuka ukungu. Boksi hilo nililichoma mimi, kwa mkono wangu, nikisema linafuga mende. Hakunizuia. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu huyo naishi naye.

Mwezi uliopita binti, sasa mtu mzima, alikuja dukani akavuta kiti karibu na baba yake.

"Baba, nataka picha ya mama ambayo hukuigusa. Hata moja."

"Ya nini? Hizi si ndizo nzuri?"

"Nataka kuona kidevu chake. Alikuwa na kovu?"

Shemeji aliachia kipanya. "Alikuwa nalo. Alianguka kwenye ngazi akiwa msichana. Mwenyewe alikuwa halipendi, nikalifuta."

"Kwenye zote?"

"Zote."

Akafungua picha moja, akakuza kidevu mpaka kikajaza skrini. Kilikuwa laini kama yai. Akachora mstari mwembamba upande wa kulia. Akasita. Akaufuta, akachora kushoto. Kisha akanigeukia mimi, niliyelala na dada kitanda kimoja utoto wote.

"Shem, lilikuwa upande gani?"

Nikasema kushoto. Halafu nikasema kulia. Ukweli ni kwamba sikujua. Miaka kumi na tisa nimemtazama ukutani akiwa hana kovu, macho yakazoea. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nilikuwa nalipapasa kwa kidole ndipo nilale," binti alisema. "Sina kumbukumbu nyingine yoyote ya mama. Lakini nikitazama picha, kovu halipo. Nikaona namchanganya na mtu mwingine, nikajikataza kumkumbuka hivyo."

Shemeji alimshika mkono. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Upande gani, mwanangu? Kidole chako kilikuwa kinakwenda upande gani?"

"Sijui tena, baba," alijibu. "Niliiamini kazi yako."