Kurasa Arobaini za Mzee Kamusi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anachapa barua na vyeti kwenye duka la stesheneri. Vidole vyake vina kasi kuliko mdomo wangu, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu tuliyemwita Mzee Kamusi. Miaka thelathini alikusanya kwa mkono maneno ya Kigothi, lugha ya watu wa kale wa mbali ambayo leo hakuna anayeitumia hata kuombea maji. Mapafu yake yalishachoka. Alitaka jambo moja tu: aione kazi yake imechapwa kabla hajafumba macho.

Kompyuta ya duka ikagoma. Haikuwa na fonti, yaani seti ya herufi, ya Kigothi, hivyo kila herufi ilitokea kama kisanduku kitupu. Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilisimuliwa baadaye, nikiwa nimeshachelewa. Mpwa wangu akawa anatafuta mtandaoni saa za chakula. Fonti ya kwanza, ya Kigothi kwa jina tu, ilileta herufi nene zenye miiba, kama za kwenye vyeti. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ya pili ndiyo yenyewe. Akaisakinisha, akabandika vipande vya karatasi juu ya vitufe ili asipotee, akachapa kurasa arobaini kwa wiki tatu.

Siku ya kutoa nakala, printa ikaishiwa wino, na papo hapo tukasikia mzee amezidiwa. Nikamwambia mpwa wangu nipe hiyo flashi, kompyuta nimezijua wewe ukiwa unanyonya. Akaanza kunieleza jambo kuhusu fonti. Nikamkatiza: mjomba wako hafundishwi.

Duka la mtaa wa pili likanitolea kurasa arobaini za visanduku, vimenyooka safu kwa safu kama matofali. Nikasema moyoni, kumbe watu wa kale walikuwa nadhifu hivi!

Nikampelekea kitandani. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanitazama kitambo.

"Vipi Mwalimu, si kazi safi hiyo?"

"Safi," akasema kwa shida. "Mwambie binti asante. Mwambie nimeziona."

Akaziweka kifuani, mkono juu yake. Nikarudi nimetanua mabega, na ukurasa mmoja niliouomba uwe kumbukumbu.

Mpwa wangu alipouona hakunigombeza. Alikaa chini.

"Mjomba, hizi si herufi. Hapa hakuna kitu."

Akakimbilia wino, akatoa nakala upya, tukaenda mbio. Tulikuta viti vimeshapangwa nje, watu wanaongea kwa sauti ya chini.

Njiani kurudi nikamfikishia ujumbe wa mzee. Akauliza swali moja tu.

"Alisema hivyo kabla ya kufunua, au baada?"

"Baada."

Akaongeza mwendo hadi dukani. Vile vipande vya karatasi viko bado juu ya vitufe. Bosi ameshamwambia mara mbili avibandue.