Sala ya Afisa Elimu

Mwalimu Drieka Swartbooi alifundisha sayansi kwa Kiafrikana miaka ishirini na tisa, katika kijiji cha wakata manyoya ya kondoo kusini mwa Afrika. Alikuwa mpole, lakini ukikidharau Kiafrikana, lugha ya bibi yake, utakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Siku hiyo Jerome Klaase, afisa elimu aliyekuwa mwanafunzi wake, aliwaita wazazi. Kikao kilifunguliwa kwa sala kama kawaida. Jerome aliomba kwa Kiafrikana, sauti ikimtetemeka, hadi akina mama wakatoa leso. Baada ya amina akageukia Kiingereza: kuanzia Januari, masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza. Kiafrikana hakitoshi kwa sayansi, tena ni lugha ya Wazungu.

Drieka akasimama. "Bibi yangu aliyewafulia nguo hao Wazungu, naye alikuwa Mzungu? Na hiyo sayansi yako wewe, nilikufundisha kwa lugha gani?"

"Mwalimu, nyakati zimebadilika."

"Haya. Basi irudie ile sala kwa Kiingereza. Mama yako yuko hapo mbele, ataitikia amina."

Jerome akainamia makaratasi yake. Mama yake akafumba macho, akangoja.