Sauti Iliyokuwa Ikiteleza

Fundi redio alikuwa na mikono, mkewe alikuwa na masikio. Ndivyo walivyogawana kazi miaka thelathini na tisa. Mume alichomelea, mke akasikiliza na kusema, "Bado."

Kinanda cha mke kilikuwa cha umeme, cha vipande vipande: visanduku vimepangwa kwenye fremu, vimeunganishwa kwa nyaya. Kimoja kilitoa sauti, kingine kiliikata, kingine kiliitikisa. Tangu mke azikwe, kilikaa mwaka mzima chini ya shuka.

Kisha binti yao, kitindamimba, akaja.

"Baba, Jumamosi napiga wimbo wa mama mbele za watu. Nataka kinanda chake, si kingine."

Fundi akafungua kipande cha sauti, akakisugua vumbi kwa brashi. Juu ya transista mbili zilizosimama bega kwa bega palikuwa na donge la sufu. Akadhani uchafu wa panya. Akalitupa kwenye debe la taka.

Balaa likaanzia hapo. Binti akiiweka sauti sawa, mlango ukifunguliwa inapanda, ukifungwa inashuka.

"Baba, hiki kimelewa."

"Nasikia."

"Husikii. Mama alisema masikio huna."

"Mama yako alisema mengi."

Alibadilisha kapasita. Akabadilisha resista. Akachomelea upya viungo vyote. Ijumaa ikafika, sauti bado inateleza.

"Basi nitaazima kingine," binti akasema, taratibu.

Neno hilo lilimchoma kuliko pasi ya kuchomelea. Binti akaenda kunyoosha nguo. Mzee akabaki mezani na kikombe cha chai, kinanda kikiwa wazi mbele yake, kikivuma sauti moja. Akaipuliza ipoe. Sauti ikaruka.

Akapuliza tena, makusudi. Ikaruka tena.

Akakumbuka. Msimu mmoja wa baridi mkewe alikaa kwenye kiti kile kile, akifuma kitu kisichozidi kidole gumba.

"Hizi mbili zinapata baridi, Fundi."

"Utazivika na soksi?"

"Cheka tu. Wewe mikono, masikio huna."

Hakuuliza tena. Kipande hakikuharibika, naye hakukifungua.

Akamimina debe lote sakafuni. Donge lilikuwa kati ya vipande vya nyaya. Akalikung'uta. Kumbe ni kofia ndogo ya buluu, uzi wa sweta kuukuu la mkewe. Brashi ilikuwa imefumua ukingo. Mzee hakujua sindano. Akaivika zile transista, akaifunga kwa unywele mmoja wa waya wa shaba.

Akaufungua mlango wazi. Upepo ukaingia. Sauti ikakaa pale pale.

Binti akaja na nguo mkononi.

"Umeweka nini?"

"Kofia."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

Binti akachungulia ndani. Akakaa kwenye kiti, akaanza ule wimbo. Alipofika katikati akasema, "Funga mlango, Baba. Baridi."

"Uache kidogo," akasema mzee. "Nasikiliza."