Mama Pini na Kaburi la Watu Wanne

Shangazi yangu walimwita Mama Pini kwa sababu mdomo wake haukukosa pini. Alishona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitambaa, na aliweza kugombana, kuulizia bei ya uzi na kumsema mpita njia, pini zote zikiwa zimebanwa midomoni. Mtoto alizaa mmoja tu, binti. Mwaka ule wa ugonjwa wa kuhara, hospitali ilipojaa hadi watu wakalazwa varandani, mama na mtoto waliwekwa wodi mbalimbali. Mama alipopata fahamu, mtoto alikuwa keshazikwa.

Nasema "keshazikwa" kwa kuwastahi tu. Manispaa ilichimba mashimo marefu, ikapanga majeneza moja juu ya jingine, ya watu wasiojuana, na kufukia shimo lilipojaa. Kitabu cha maziko kiliandika kila jina sawasawa, hilo sikatai, na mbele ya majina manne kikaweka namba moja na maneno "la pamoja". Chini kabisa alilala mzee mmoja, juu yake mlinzi wa ghala, kisha bibi kizee, na juu yao wote binti wa shangazi, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilitosha jeneza dogo. Walimpanga kama sahani ndogo kabatini.

Shangazi alitaka jiwe lenye jina la mwanawe, basi. Hakudai kaburi jipya wala fidia. Karani wa maziko akamweleza kwamba kaburi la pamoja haliwekwi jiwe mpaka ndugu wa wote waliomo waridhie.

"Mimi nitawajulia wapi hao ndugu?" shangazi akauliza.

"Watafute, mama. Mmezika pamoja, sasa nyinyi ni ukoo mmoja."

Nilikuwepo. Hadi leo natamani ningeazima pini moja nikamchoma nayo yule bwana.

Akawatafuta. Mlinzi hakuwa na mtu, manispaa ikaridhia kwa niaba yake. Mjukuu wa bibi kizee alikuwa fundi baiskeli. Alitia sahihi kwa vidole vya grisi na kuomba jina la bibi yake nalo liandikwe. Akabaki mzee wa chini. Mwanawe alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, nasi tukafurahi, tukadhani mtu anayeuza saruji hawezi kumnyima mwenziwe jiwe.

Kumbe tulikuwa tunakwenda kutonesha kidonda. Wakati wa ugonjwa mtu huyu alikuwa mchukuzi, hana mbele wala nyuma, na baba yake alizikwa na manispaa. Mambo yalipomnyookea alinunua nafasi nzuri karibu na lango la makaburi, akajenga kaburi la marumaru na kuandika jina la mzee. Ndani hamkuwa na mtu. Mkewe na watoto waliweka maua juu ya udongo mtupu bila kujua. Shangazi alipomwekea karatasi mezani, aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Umekosea, mama. Baba yangu ana kaburi lake."

"Mwanangu, jina lake limo kitabuni, pamoja na la binti yangu."

"Nimesema umekosea."

Shangazi angeweza kumwanika mji mzima. Hakutaka. "Aibu yake itanipa jiwe?" aliniuliza. Badala yake akawa anapita dukani, anasalimu, anakaa juu ya ndoo ya rangi, kisha anaondoka. Alidhani atamlainisha, kumbe anamtia hofu. Mwenye duka akaamua kumtoa baba yake kimyakimya ampeleke kwenye marumaru, mambo yaishe. Kibali ambacho sisi tungepigwa danadana mpaka tuote mvi, yeye alikipata upesi, na hakuna aliyetuuliza. Ndiyo maana wakasema mwenye nguvu mpishe.

Aliyekuja kutueleza ni mchimba kaburi, kofia mkononi. Mzee alikuwa chini, kwa hiyo waliwatoa kwanza wa juu. Mbao zilishaoza, udongo ulishatitia, mifupa imeingiliana. Mwenye duka, akichelea watu wasije wakamwona, aliwaambia wasipoteze muda kuchagua. Yote ikatiwa sanduku moja na kufunikwa na marumaru.

"Na mwanangu?" shangazi akauliza.

"Yumo, dada. Wote wamo."

Tukarudi kwa karani. Akafungua kitabu: binti bado yuko pale pale, namba ile ile.

"Basi niruhusu jiwe."

"Jiwe la nini, mama, kwenye shimo tupu?"

"Basi andika alikohamia."

"Kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Mtu huyo si binti yako."

Shangazi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake. Ndipo akalia.

Baada ya hapo akaanza kwenda kulifagia kaburi la marumaru, na haikuchukua muda mke wa mwenye duka akamkuta. Mumewe alikuwa nyuma yake, ameshika maua.

"Huyu mzee ni nani kwako, mama?"

Shangazi akamtazama mwenye duka, akimpa nafasi aseme. Bwana akatazama viatu vyake.

"Usiniambie ulikuwa nyumba ndogo yake," mke akasema.

Yule bwana akainama kupanga maua. Heri baba yake aonekane mhuni kuliko ijulikane alizikwa na manispaa. Sijapata kuona mtoto mwenye heshima ya namna hiyo.

"Ndiyo," shangazi akajibu. "Nilikuwa nyumba ndogo yake."

Mke akacheka kicheko kikavu. "Basi fagia. Angalau yupo aliyempenda. Huyu mwanawe haji ila nimkokote."

Aliponisimulia nilipandwa na hasira, nikasema naenda kumwaga mtama kwenye kuku wengi, kila mtu ajue. Akanishika mkono.

"Thubutu. Mama wa mtoto angedai jina, wangemfungia lango. Hawara hadai kitu. Niache nimfagilie mwanangu."