Jicho la Kushoto na Ndama wa Susu

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mtu ana jicho la kazi na jicho la kukaa tu. Langu la kukaa lilikuwa la kushoto. Lilielekea puani, na kwetu Matiliku jicho la namna hiyo liliogopwa. Watu walisema likikitazama kitu na kukipenda, kitu hicho huugua.

Nilikuwa darasa la nne mama aliponipeleka hospitali. Daktari wa macho alibandika pamba na plasta juu ya jicho la kulia, lile zima.

"Tumechelewa, msichana ameshakuwa mkubwa," alimwambia mama. "Lifungwe kila siku. Msipofanya hivyo sasa, hili legevu halitajifunza kuona."

Nyumbani, Susu, mama yake baba, alinitazama akashika kiuno.

"Jicho zuri limefungwa, baya limeachwa litembee?"

"Ndivyo daktari alivyosema, mama," mama alimjibu mkwewe.

"Huyo daktari ana ng'ombe?"

Ng'ombe wa Susu alikuwa amezaa juzi tu. Asubuhi mama alipokwenda shambani, Susu alibandua plasta taratibu, akaihamishia kushoto. Nami nilifurahi, maana niliona vizuri. Ikawa hivyo kila siku, hadi mama aliporudi mapema na kutukuta.

Sikuwahi kumsikia mama akimpandishia Susu sauti, na hata siku hiyo hakufanya hivyo. Aliketi chini mbele yake.

"Mama, siku hilo jicho zuri likiumwa, Mwende huyu atasuka kiondo kwa jicho gani?"

Kiondo cha Susu, kikapu alichokuwa akisuka, kilikuwa mapajani, na nyuzi zake alikuwa akizitafuta kwa vidole. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Kesho yake aliniita zizini, kwa ndama. Plasta ilikuwa kulia.

"Mtemee mate," akasema. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mwenye jicho baya akikitemea mate kile alichokitazama, madhara huondoka. "Kidogo, wewe! Nimesema umbariki, sikusema umwoshe."

Kisha tukaketi kivulini, nikachagua mawe kwenye ndengu kwa jicho legevu, nikilia kwa hasira. Siku baada ya siku jirani yetu Mama Mutuku alikuwa akipita na kucheka, "Leo ndama ameshaoga?" Susu naye alikuwa akimjibu, "Ameoga, na amenenepa kuliko wako."

Jicho lile halikuwa sawa na mwenzake, lakini lilijifunza. Leo nikifunika la kulia, nasoma kitabu cha nyimbo kanisani, polepole. Na nikienda kumwona mtoto mchanga, humtemea mate kidogo kabla ya kumsifu, bila kuambiwa.

Sijui kama jicho langu liliwahi kumdhuru yeyote. Wala sidhani Susu aliacha kuliogopa. Aliliogopa kweli, na kila asubuhi alinishika mkono mwenyewe, akanipeleka kwa ndama wake.